Je, uteuzi wa ioni unatosha kuitambua chaneli ya mguso?

Mwanafunzi wa fiziolojia hapa Dodoma anapofika kwenye somo la mguso hufundishwa kwamba chaneli (matundu ya protini kwenye utando wa seli) zinazofunguliwa na msukumo katika neuroni za hisi hupitisha ioni zenye chaji chanya bila kuchagua sana. Kwa sehemu kubwa fundisho hilo ni sahihi. Linalobishaniwa ni kama kuzijua ioni zinazopita kunatosha kutuambia ni chaneli ipi iliyofunguka.

Wanaoutegemea uteuzi wa ioni, yaani tabia ya chaneli kupitisha ioni fulani na kuzuia nyingine, wana hoja ya maana. Seli iliyochukuliwa kutoka ganglia (mafungu ya seli za neva) za kando ya uti wa mgongo wa panya hushikwa kwa pipeti ya kioo, volteji ya utando wake hudhibitiwa, kisha kijiti chembamba cha kioo huusukuma utando huo kwa maikromita chache. Mkondo hupimwa katika volteji mbalimbali, na volteji ambayo mkondo unageuza mwelekeo ndiyo inayotafutwa. Katika hali ya kawaida ya seli, chaneli inayopitisha sodiamu tu ingegeuza mkondo karibu na +60 mV, ya potasiamu tu karibu na −90 mV, na isiyobagua kati ya hizo mbili karibu na sifuri. Kipimo hicho kimoja huweza kuitilia shaka familia nzima ya chaneli. Mnyoo C. elegans huhisi mguso kwa chaneli ya MEC-4, ambayo hupendelea sodiamu, na kwa muda mrefu ilitarajiwa kwamba chaneli jamaa zake, zikiwamo zile ziitwazo ASIC, ndizo zinazofanya kazi hiyo kwa mamalia. Mikondo ya neuroni za panya iliyogeuka karibu na sifuri ilikuwa miongoni mwa sababu za kuyatilia shaka matarajio hayo.

Tatizo ni kwamba chaneli zinazogeuza mkondo karibu na sifuri ni nyingi. Piezo1 na Piezo2, chaneli za msukumo za mamalia, ziko hapo, NOMPC ya nzi iko hapo, na chaneli nyingine kadhaa za familia iitwayo TRP pia. Ndiyo maana mwaka 2010 Bertrand Coste na wenzake, katika maabara ya Ardem Patapoutian, hawakuipata Piezo1 kwa kupima ioni. Walizima jeni moja baada ya nyingine katika seli za panya, na mkondo ukatoweka walipofikia jeni la 72. Uteuzi wa ioni ulipimwa baada ya jeni kujulikana.

Hoja ya kiufundi naiona nzito zaidi. Mkondo unaozoea haraka, yaani unaopungua msukumo ukiwa bado upo, hufifia ndani ya milisekunde chache, kwa hiyo mpimaji hawezi kuipitisha seli katika volteji zote chaneli ikiwa bado wazi. Kila nukta ya grafu hudai msukumo mpya, na kila msukumo unaweza kuivunja seli. Neuroni yenyewe imejaa chaneli zinazoitikia volteji, ambazo lazima zizuiwe kwa sizi (ioni inayoziba chaneli za potasiamu) ndani ya pipeti na kwa dawa nje, na hapo tayari tunachopima ni upitaji wa sizi badala ya potasiamu. Udhibiti wa volteji ukiwa dhaifu, hasa kwenye seli yenye matawi marefu, volteji ya kugeuka huweza kusogea upande wa chanya, na chaneli isiyochagua ikaonekana kupenda sodiamu. (Atakayekifanya kipimo hiki Dodoma atahitaji pia meza nzuri ya kuzuia mtikisiko: mahali ambapo kichocheo ni maikromita chache, malori ya barabarani na matetemeko madogo ya Bonde la Ufa nayo ni vichocheo.)

Kuna pia mtego wa kloridi. Neuroni nyingi za ubongo uliokomaa huwa na kloridi kidogo ndani, lakini za hisi huilimbikiza kwa kutumia kisafirishaji NKCC1, hivyo chaneli ya kloridi ikifunguka huweza kuisisimua seli badala ya kuituliza. Anayehitimisha kwamba ioni chanya zimeingia kwa sababu tu seli imesisimka amekosea hatua. Sharti abadilishe kloridi ya nje kwa glukonati, ioni kubwa isiyopita kwa urahisi kwenye chaneli za kloridi, na kutazama kama volteji ya kugeuka inasogea.

Kwa maoni yangu, thamani kubwa ya uteuzi wa ioni iko kwingine. Badiliko la asidi amino moja ya glutamati katika Piezo1 liliubadilisha uteuzi wenyewe, jambo ambalo ni vigumu sana kulieleza isipokuwa protini hiyo ndiyo inayounda tundu, wala si msaidizi wa chaneli nyingine. Ushahidi wa aina hiyo ndio unaohitajika kwa protini zilizopendekezwa baadaye. TACAN ilitangazwa mwaka 2020 kuwa chaneli ya maumivu ya msukumo, kisha umbo lake likaonekana kufanana na vimeng'enya vya kurefusha asidi za mafuta. Tentonin 3 nayo inabishaniwa kama ni tundu au ni kirekebishaji tu. Mikondo inayozoea polepole, ambayo Piezo2 haiielezi yote, inaweza kupimwa volteji ya kugeuka mara nyingi tu bila mzozo huo kuisha. Badiliko katika protini inayoshukiwa likiisogeza volteji hiyo ndani ya neuroni yenyewe, wapinzani watakuwa na kazi ngumu.