Kope zilizovimba si pumba mbovu

Jirani yangu amezika watoto wa nguruwe wanne wiki hii. Walikuwa na siku kumi tu tangu waachishwe kunyonya, na waliotangulia kufa ndio waliokuwa wanene kuliko wenzao. Nilimshika wa tano: kope zimevimba hadi macho hayaonekani, miguu inayumba, sauti imekauka, mwili hauna homa. Dukani alipewa sindano ya OTC, dawa ya kuua bakteria, na kuambiwa ni bakteria wa tumbo tu, au pumba mbovu.

Hilo “tu” ndilo limenikera. Bakteria huyo, E. koli, anaishi kwenye utumbo wa kila nguruwe, mzima na mgonjwa. Kinachotenganisha mpole na muuaji ni protini alizobeba. Huyu wa kope, anayeleta ugonjwa wa uvimbe (edema), hujishikiza kwenye ukuta wa utumbo kwa vinyweleo vya protini viitwavyo F18. Mtoto mchanga bado hana sehemu za vinyweleo hivyo kunasa. Zinaongezeka kadiri anavyokua, na akiachishwa anapoteza kinga iliyokuwa kwenye maziwa. Hapo bakteria anatulia, anazaana, anamwaga sumu, protini nyingine iitwayo Stx2e. Sumu inaingia kwenye damu na kuharibu mishipa midogo, maji yanavuja: kwenye kope, kwenye paji la uso, kwenye ubongo. Ndiyo maana anayumba. E. koli asiye na sumu hiyo anaweza kuleta kuhara, lakini uvimbe huu hauleti.

Sasa sindano itafanya nini kwa sumu ambayo tayari imo kwenye damu? Inaweza kuwasaidia ambao hawajaanza kuumwa, nakubali. Na chakula kina mchango wake: kuwabadilishia ghafla na kuwashindilia chakula kizito kunamfungulia bakteria njia. Lakini chanjo dhidi ya Stx2e ipo, na wapo wafugaji Ulaya wanaochagua mbegu ya nguruwe ambayo F18 hainasi kabisa kwenye utumbo wake. Sisi hata jina la ugonjwa hatuambiwi!

Wa tano amekufa alfajiri. Bwana mifugo amempasua mbele yetu, na ukuta wa tumbo ulikuwa umejaa ute mzito kama jeli, unateleza vidoleni. Jirani hakusema kitu. Kipande cha utumbo tumekifunga kwenye barafu, kinaondoka na basi la kwanza kwenda maabara, na kwenye karatasi nimeandika kwa herufi kubwa: PIMENI F18 NA STX2E.