Sifuri iliyobanwa ikapotea

Ami yangu wa Wete, Pemba, ni karani mstaafu, na katika ukoo wetu likitajwa jina lake pamoja na barua pepe watu hucheka. Yeye akituma karatasi hutuma mzigo. Safari hii zilikuwa karatasi za mirathi ya nyumba moja ya Mji Mkongwe, kurasa 22, nyingi zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Aliziskani kwa nukta 600 kwa inchi, rangi kamili, faili likatoka MB 90. Alipolituma kwa barua pepe likarudishwa. Akajaribu tena usiku, akidhani ni mtandao.

Vijana walimaliza shughuli kwa dakika chache. Mmoja wao alilipeleka faili kwenye tovuti ya bure inayobana PDF, yaani kuipunguza uzito, likatoka KB 900, na wakili wa Vuga akalipata papo hapo. Kicheko kikazidi. Kisha wakili akapiga simu: ukurasa wa saba, bei ya nyumba ni rupia 15 au 150?

Hoja ya vijana, kwamba faili libanwe kwanza ndipo litumwe, naijua, na sehemu kubwa ni kweli. Barua pepe ilibuniwa kwa maandishi matupu, kwa hiyo kiambatisho hugeuzwa kwanza kuwa herufi, na kila baiti 3 huwa 4. Faili la MB 20 huondoka likiwa limekaribia 27, ilhali mwisho wa Gmail ni 25. Ndiyo maana mtu huapa kwamba faili lake halijafika kiwango na bado linamrudia. Yupo pia anayepokea. Aliyeko Mkoani, Pemba, anafungua barua kwa simu na bando limebaki kidogo, kwa nini alipie rangi ya karatasi iliyochakaa? Barua ya sheha, matokeo ya mtihani, risiti, yote hayo nukta 150 za kijivu zinatosha, na hakuna aliyedhulumiwa.

Hata hesabu yenyewe inamlemea ami. Ukurasa wa A4 kwa nukta 300 una nukta kama milioni 8.7. Ukipanda hadi 600 haziwi mara mbili, huwa mara nne, maana zimeongezeka kwa urefu na kwa upana. Rangi nayo hutaka baiti 3 kwa kila nukta pale ambapo kijivu hutosheka na 1. Mzee alichagua ghali kotekote.

Ila hakubofya ovyo. Maisha yake yote ya kazi yalikuwa ya kunakili na kulinganisha, na alijua karatasi zile zina kitu ambacho barua ya kupigwa chapa haina. Katika maandishi ya Kiarabu, ba, ta, tha na nun zikikaa katikati ya neno ni jino lilelile moja. Kinachozitenganisha ni nukta, ngapi na juu au chini. Tarakimu ni hatari zaidi. Moja ni kijiti, tano ni kiduara, na sifuri ni nukta tu. Nukta ya kalamu yenye upana wa nusu milimita, ukiiskani kwa 300, inapata nukta sita za skana za kuichora, na umbo linabaki. Ishushe hadi 72, kama zinavyofanya baadhi ya tovuti za kubana bila kukuuliza, inabakiwa na moja na nusu. Hapo tena JPEG, njia ya kubana picha, inaukata ukurasa vipande vya nukta nane kwa nane na kutupa mabadiliko madogo madogo ndani ya kila kipande. Karatasi ile ina madoa ya nzi. Katika nakala ya KB 900, doa la nzi na sifuri ya bei ya nyumba ni ukungu mmoja, na mimi mwenyewe niliikodolea macho simu nikashindwa kuamua.

Utasema hati huandika kiasi kwa maneno pia. Kweli, na hii imeandika. Maneno yameangukia kwenye mkunjo, wino umeliwa. Karatasi ni ya zamani za rupia, kabla ya shilingi kushika nafasi yake mwaka 1936, na aliyeiandika hayupo wa kuulizwa.

Ukungu angalau unajitangaza. Wakili aliona, akapiga simu. Kinachonitisha ni ubanaji unaotoka safi. Mwaka 2013 Mjerumani mtaalamu wa kompyuta, David Kriesel, aligundua kwamba baadhi ya mashine za Xerox zilikuwa zikibadilisha tarakimu wakati wa kuskani. Kwenye ramani ya jengo, vyumba vitatu vya ukubwa tofauti vyote vilitoka na mita za mraba 14.13. Mashine haikuharibika. Ili kupunguza uzito, ilikuwa inatafuta maumbo yanayofanana, inahifadhi moja, na kulibandika kila mahali ilipoona mwenzake, na ilipokosea kufananisha ilibandika tarakimu isiyo yake, imenyooka, inasomeka vizuri. Nani angepiga simu kuuliza?

Lipo na la tovuti yenyewe. Karatasi za mirathi, zenye majina ya warithi na mafungu yao, zilipandishwa kwenye kompyuta ya mtu ambaye hakuna kati yetu anayemjua, ili tuokoe dakika chache. Hilo hakuna aliyelicheka.

Kwa hiyo simtetei ami kwa MB 90. Namtetea kwa kukataa kwake kubana baada ya kuskani, maana kilichotupwa na JPEG hakirudi hata ukilikuza faili upya. Uamuzi mahali pake ni kwenye kioo cha skana, ukurasa kwa ukurasa: hii ya chapa, 150 inatosha, hii ya kalamu, 300 kijivu, hii yenye muhuri wa zambarau juu ya saini, iache na rangi yake. Zikizidi, barua ziwe mbili au tatu. Kiungo cha Google Drive nacho kinafaa, mradi ukumbuke kumfungulia mlango unayemtumia. Faili zito libaki nyumbani kwenye flashi. Hiyo ni kazi ya saa moja, na kijana wa steshenari mwenye foleni hadi barazani hana saa moja ya kumpa mtu mmoja, hapo simlaumu.

Ami aliuskani upya ukurasa wa saba peke yake, akautuma asubuhi. Ulikuwa na MB 1.3, mzito kuliko kurasa zote 22 za vijana zikiwekwa pamoja. Wakili alijibu kwa mstari mmoja: mia na hamsini.