Nani Apelekwe Karakana?

Pita Gerezani, jijini Dar es Salaam, saa tatu asubuhi uone vijana wanavyokunja bati na kuchomelea mageti. Vuka uende Keko, huko ni mbao: vitanda, makabati, viti vya sebuleni vimepangwa hadi ukingoni mwa barabara. Zungumza na wawili watatu kati ya hao wanaopiga msasa, hutakosa aliyemaliza kidato cha nne. Amekaa darasani miaka minne bila kushika randa wala tupa, kisha akaja hapa kuanza upya kama saidia fundi, akibeba mbao za watu huku akiibia kwa macho namna kazi inavyofanyika.

Kwa ajili ya kijana huyo, mtaala mpya ulioanza Januari 2024 ulinipa matumaini ambayo sijayapoteza. Umeigawa sekondari ya chini katika mikondo miwili, elimu ya jumla na elimu ya amali. Wa amali anasoma Hisabati na Kiingereza kama wenzake, na papo hapo anajifunza fani: useremala, umeme, uashi, ushonaji, kilimo na nyinginezo. Swali linalosumbua jiji letu ni la mahali. Je, Dar es Salaam, yenye watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022, ijenge sekondari kubwa zenye maabara, karakana na vyumba vya kompyuta, watoto wa mikondo yote wasome ndani ya uzio mmoja? Au ufundi uachiwe shule za ufundi na vyuo vya VETA, yaani vya mafunzo ya ufundi stadi, na shule zetu za kutwa ziendelee na vitabu?

Mimi niko upande wa shule kubwa ya pamoja. Lakini wanaoipinga wana hoja nzito, na tukizipita haraka tutajenga majengo mazuri yasiyofundisha kitu. Nianze na zao.

Hoja yao ya kwanza ni hesabu tu. Chukua darasa la wanafunzi 60, idadi ambayo mwalimu wa shule ya kutwa mjini hatashangaa kuiona. Wape karakana yenye jiliwa 10, yale makoleo ya mezani ya kubania kazi, na vipindi viwili mfululizo vya dakika 40. Hayo ni makundi sita ya kupokezana, yaani kila mtoto ana dakika 13 za kushika chuma. Toa muda wa kuitana majina, kugawa vifaa, kuvihesabu tena na kufagia. Zinabaki dakika saba au nane, na humo mwalimu anatakiwa aone kila mkono unavyoshika tupa, maana mkono ukishazoea vibaya kuurekebisha ni kazi. Nyuma yake kuna msumeno wa umeme na watoto 50 wasio na la kufanya. Mwalimu mwenye busara hapo ataufunga umeme, atachukua chaki, atachora jiliwa ubaoni. Sitamlaumu. Ila tukubali kwamba siku hiyo ufundi haukufundishwa.

Halafu kuna vifaa vinavyoliwa. Ramani ya ukutani inadumu miaka mingi. Ubao wa mninga ukikatwa umekwisha. Fimbo za kuchomelea zinaisha, nyaya zinaisha, saruji inaisha, na wiki ijayo lazima zinunuliwe nyingine. Tangu 2016 serikali iliondoa ada kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, hatua niliyoifurahia na ninayoitetea mpaka leo, lakini maana yake ni kwamba mkuu wa shule hawezi kumgeukia mzazi wa Mbagala na kumwambia alete mbao. Fedha isipotoka serikalini, karakana inageuka stoo ya madawati mabovu.

Na wenye umri mkubwa wanakumbuka kwamba tulishajaribu. Baada ya sera ya Elimu ya Kujitegemea ya 1967, katika miaka ya 1970 sekondari zilipewa michepuo: kilimo, biashara, ufundi, sayansi kimu. Wazo lilikuwa zuri, kila shule iwe na kitu cha mikono. Lakini sehemu nyingi mchepuo ulikosa vifaa na walimu, ukabaki kuwa jina kwenye ratiba. Anayesema amali ya leo inaweza kuishia hapo hapo hana roho mbaya, ana kumbukumbu.

Hata hivyo, kumbukumbu hiyo haijakamilika. Nchi hii ina shule za sekondari za ufundi zilizofanya kazi kweli: Ifunda, Moshi, Tanga, Mtwara, Musoma, Bwiru, Iyunga. Waliosoma huko hutaja jina la shule kifua mbele. Kwa nini ufundi uliwapa fahari wao, wakati ufundi huo huo mtaani unatajwa kama adhabu? Wengi hujibu kwa kutaja mashine na bweni. Ni kweli, mashine zilikuwepo. Lakini naona jambo jingine lililo kubwa zaidi. Shule hizo zilichagua watoto waliofaulu vizuri darasa la saba. Kupangiwa shule ya ufundi ilikuwa habari ya kusherehekea nyumbani. Na mbele ya kijana palikuwa na mlango. Angeweza kwenda chuo cha ufundi cha Dar es Salaam, kile kilichoanzishwa 1957 pale Morogoro Road na Bibi Titi, ambacho tangu 1997 kinaitwa Taasisi ya Teknolojia, yaani DIT. Angeweza kwenda kidato cha tano na hatimaye uhandisi chuo kikuu. Angeweza kuingia kazini moja kwa moja. Alikuwa na njia tatu.

Linganisha na VETA, iliyoundwa kwa sheria ya 1994. Ina walimu wazuri na karakana ambazo sekondari nyingi zingezionea wivu. Ya Chang'ombe ni mfano wa karibu. Lakini mtaani utasikia nini mtoto akifeli? "Basi, apelekwe VETA." Ni useremala ule ule na umeme ule ule. Tofauti ni kwamba huku anaingia baada ya kushindwa, kule aliingia baada ya kushinda. Watu hawaudharau ufundi wenyewe, ndiyo maana fundi mzuri wa gari jijini anabembelezwa kwa simu. Wanadharau mlango wa nyuma.

Hapa ndipo ninapoweka sharti langu, na hapa ndipo naiogopa shule kubwa ninayoitetea. Uzio mmoja hauhakikishi kwamba watoto wako pamoja. Tunajua sote mazoea ya kupanga madarasa kwa alama: A ya vichwa, B ya wanaojitahidi, na huko mwisho D au E ya wale ambao hata mwalimu huingia akiwa amechoka. Ukileta amali ndani ya mazoea hayo bila kuyagusa, amali inakuwa E iliyopewa nyundo. Mtoto wa miaka 13 ataisoma maana yake siku ya kwanza, bila kuambiwa.

Kwa Dar es Salaam jambo hili lina uzito wake. Shule za mjini humu zilijengwa kwa kutenganisha: wakoloni walikuwa na shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, kila rangi na uzio wake. Mwaka 1962, mara tu baada ya uhuru, ubaguzi huo uliondolewa shuleni kisheria, na majengo yale ya katikati ya jiji yakapokea watoto wote. Leo darasa moja la sekondari ya jijini lina mtoto wa Upanga kwa wenye nafuu na wa Tandale kwa wenye kipato kidogo, Mzaramo wa Kisarawe na Msukuma aliyehamia juzi, mwenye hijabu na mwenye rozari, na anayesoma kwa nukta nundu akiwa ametokea shule ya msingi Uhuru Mchanganyiko. Mchanganyiko huo ni urithi. Tukiruhusu karakana iwe ya watoto wa Tandale na maabara iwe ya watoto wa Upanga, tutakuwa tumerudisha uzio, safari hii ndani ya shule moja.

Kwa nini basi nisiseme tuwaache mbali mbali, kila mkondo na shule yake? Kwa sababu ya umri, kwanza kabisa. Katika mfumo mpya mtoto anaanza darasa la kwanza akiwa na miaka 6 na anamaliza msingi baada ya miaka sita. Anaingia sekondari na miaka 12. Nani kati yetu alijua akiwa na miaka 12 kama atakuwa fundi umeme au mwanasheria? Mtoto atakosea, au mzazi atamkosea, au alama za siku moja ya mtihani zitamkosea. Akiwa shule ya pamoja, kosa hilo linaweza kurekebishwa kwa kuvuka uwanja. Akiwa shule nyingine, mkoa mwingine, kurekebisha kunahitaji uhamisho, nauli na mzazi mwenye uwezo wa kufuatilia barua ofisi kwa ofisi. Anayekosa hayo ndiye anayebaki alipowekwa.

Pili, karakana inahitaji majirani. Paa la nyumba ni pembetatu, na mwalimu wa Hisabati akiwa hatua 40 kutoka kwa seremala anaweza kuleta darasa lake likapime kenchi halisi. Fundi umeme mwanafunzi anahitaji mwalimu wa Fizikia kuelewa kwa nini waya mwembamba unaungua. Nimeona watoto waliochukia hesabu ubaoni wakizipiga kichwani bila kusita walipotakiwa kukadiria mbao za meza.

Hata lugha ingepata nafuu. Sekondari zetu zinafundisha na kutahini kwa Kiingereza, ilhali Gerezani yote inafanya kazi kwa Kiswahili. Kijana anajua jiliwa, randa, tupa, tindo na timazi, kisha anakosa alama kwa kutojua Kiingereza cha vitu anavyovitumia kwa ustadi. Katika shule ya pamoja mwalimu wa lugha yupo, anaweza kukaa na mwalimu wa fani wakaandaa msamiati wa pande mbili. Kwangu mtihani wa vitendo ungefanywa kwa Kiswahili bila mjadala, lakini hiyo ni vita nyingine.

Hesabu ya jiliwa bado haijajibiwa, na sitaki kuikwepa. Haiwezekani kila sekondari ya kata ya Dar es Salaam iwe na karakana kamili, na ni afadhali tusidanganyane. Kinachowezekana ni shule kubwa chache katika Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni, kila moja ikiwa na karakana nzuri inayotumika kutwa nzima, na shule za jirani zipewe siku zao. Mashine inayofanya kazi asubuhi hadi jioni inalipa gharama yake. Inayofunguliwa Jumanne tu ni mapambo. Makundi yawe ya watu 20. Na waajiriwe mafundi wenye ujuzi wa mkono wasaidiane na walimu wenye shahada, maana kuna wazee pale Keko wanaoweza kumfundisha kijana kuunga kiungo cha mbao kwa namna ambayo hakuna kitabu kinachofundisha.

Kuna gharama ya usafiri, ndiyo. Mwanafunzi wa Chanika anayegombania daladala huku konda akimzuia mlangoni hawezi kuongezewa safari ya pili kwa siku. Kwa hiyo shule hizo ziwe kando ya njia kuu za mabasi, na siku ya karakana iwe siku nzima. Kuhusu wasichana nitasema moja tu: ratiba inayowapeleka wote ushonaji bila kuwauliza irudishwe kwa aliyeiandika.

Muda hautungoji. Kwa utaratibu uliotangazwa, mwaka 2027 darasa la sita la mtaala mpya na darasa la saba la mtaala wa zamani watamaliza pamoja, na Januari 2028 makundi mawili yatabisha hodi kidato cha kwanza kwa wakati mmoja. Katika msongamano huo, kishawishi cha kugawa watoto kwa alama kitakuwa kikubwa kuliko wakati wowote, kwa sababu ndiyo njia ya haraka. Ningependa kidato cha kwanza chote, vichwa na wengineo, kipitie karakana angalau mwaka mmoja kabla ya mtu yeyote kupangiwa mkondo, na anayetaka kuvuka mwishoni mwa kidato cha pili asizuiwe.

Kwa hiyo kwenye kikao cha wazazi nitakachoalikwa safari ijayo, sitauliza mashine zimegharimu kiasi gani. Nitaomba orodha ya watoto waliopangiwa amali ikiwa na alama walizoingia nazo. Kisha nitamwomba mwalimu wa taaluma anionyeshe humo jina la mtoto aliyeongoza darasa.