Tiba ya mwendo wa macho na haki ya kutosimulia

Shangazi yangu alinusurika katika ajali ya basi iliyowaua abiria wawili waliokuwa wameketi kando yake, na kwa miezi mingi baadaye kila mgeni aliyekuja kumpa pole alimwomba aeleze ilivyokuwa. Alieleza, kwa kuwa adabu ilimtaka awajibu wageni, kisha usiku akawa anapiga kelele usingizini. Hadi leo hukakamaa mwili mzima asikiapo breki za lori. Ndiyo maana nilipoanza kusoma habari za EMDR, tiba ya kiwewe, yaani jeraha la akili linaloachwa na tukio la kutisha, inayotumia mwendo wa macho, nilimfikiria yeye kabla ya mtu mwingine yeyote.

Tiba hiyo ilianzia Marekani. Mwaka 1987 Francine Shapiro, aliyekuwa akisomea saikolojia, alikuwa akitembea bustanini alipogundua kwamba mawazo yaliyokuwa yakimsumbua yalipungua makali kila macho yake yalipokwenda upesi huku na huku. Mwaka 1989 alichapisha utafiti wake wa kwanza, uliowahusisha watu 22, na kutokana na hapo akajenga utaratibu wenye hatua 8. Hatua za mwanzo hazigusi macho hata kidogo, kwani mtaalamu husikiliza historia ya mgonjwa na kumfundisha namna ya kujituliza. Baadaye mgonjwa huchagua taswira moja inayomuumiza zaidi, hutaja anavyojihukumu kwa ajili yake, labda kwamba yeye ndiye mwenye kosa, huonyesha mahali mwilini anapousikia uchungu, na kuupima kutoka 0 hadi 10. Hapo ndipo anapoifikiria taswira ile huku akifuata kwa macho vidole vya mtaalamu vinavyokwenda kushoto na kulia kwa muda mfupi. Kisha hutulia kidogo, huvuta pumzi, na kuulizwa anachokiona sasa. Neno moja au mawili yanatosha, na zoezi huendelea.

Mimi naona thamani kubwa ya tiba hii imo katika uchache huo wa maneno. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa mwaka 2013 kuhusu maradhi yatokanayo na msongo, liliipendekeza kwa watu wazima na watoto wenye kiwewe, likaeleza kwamba haimlazimishi mgonjwa kusimulia tukio kwa kina wala kwenda na kazi za kufanya nyumbani. Kwa watu tuliolelewa katika sitara, ambao kwetu mwanamke aliyebakwa au mzee aliyeteswa huona kulitamka jambo lenyewe ni kuaibika mara ya pili, hilo si jambo dogo. Wengi hukimbia ushauri nasaha kwa kuogopa kufunuliwa, ingawa msaada wanautaka.

Kuhusu macho yenyewe, wataalamu hawajakubaliana, na ninaamini mgonjwa anastahili kuambiwa hivyo. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2001 haukuona kwamba mwendo wa macho uliongeza nafuu, ilhali mwingine wa mwaka 2013 uliona kwamba unachangia. Maelezo yanayonishawishi zaidi ni ya wale wanaosema kwamba akili ina nafasi ndogo ya kushikilia mambo kwa wakati mmoja, kwa hiyo kumbukumbu inayokumbukwa huku macho yakipewa kazi hupungua ung'avu na uchungu, na hurudi kuhifadhiwa ikiwa imefifia. Hata hivyo, mtu aliyepata nafuu hana haja ya kusubiri ubishi huo uishe.

Linalonitia hofu ni video za nukta inayokimbia kwenye skrini, zinazotangazwa kuwa zitaondoa wasiwasi wa kila aina ndani ya dakika chache. Ushahidi wenye nguvu unahusu kiwewe. Kwa wasiwasi usiotokana na tukio fulani, bado ni mdogo. Zaidi ya hayo, video haioni mtu anapoanza kutetemeka, wala haijui namna ya kumtuliza mtu aliyekwisha kuamsha kumbukumbu nzito akiwa peke yake chumbani usiku. Hatua zile za maandalizi zimewekwa kwa sababu hiyo, na anayeziruka anamwacha mgonjwa na kidonda kilichofunguliwa.

Mwezi uliopita nilimweleza shangazi haya yote, taratibu, kwa kuwa sikutaka aone kwamba namwita mgonjwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza iwapo huyo mtaalamu angetaka kujua nani alikuwa ameketi dirishani. Nikamjibu kwamba anaweza kumuuliza ni taswira gani inayomsumbua, lakini halazimiki kumweleza zaidi ya anachotaka mwenyewe. Akanyamaza kidogo, halafu akaniomba nimwandikie jina la tiba hiyo kwenye karatasi.