Davos: hewa ilitibu nini hasa?

Mtu akitoka kuugua, wazee humwambia akabadili hewa. Davos, mji wa milimani Uswisi, uliligeuza neno hilo kuwa uchumi. Daktari Alexander Spengler alihamia huko mwaka 1853, akaona wenyeji hawaugui kifua kikuu, akaamini hewa ya juu ndiyo dawa. Kufikia 1890 reli ilikuwa inapandisha wagonjwa, wenye pesa zao bila shaka.

Jengo la Schatzalp, sanatoriamu (hospitali ya kupumzishia wagonjwa wa kifua kikuu) lililofunguliwa mwaka 1900 mita 300 juu ya mji, lilichorwa kwa imani hiyo. Roshani zinatazama kusini, jua liliko. Humo mgonjwa alijilaza saa nyingi kila siku, kajifunika mablanketi hadi kidevuni, hata wakati wa theluji. Paa ni bapa, maana paa la mgongo lingewaporomoshea theluji waliolala chini yake. Maji yanateremka kwa mabomba ya ndani yasije yakaganda.

Kazi nzuri ya ufundi. Je, ilitibu? Mwaka 1959 yalitoka matokeo ya utafiti wa Madras, India: wagonjwa waliomeza dawa mwaka mzima katika nyumba duni zilizojaa watu walipona karibu sawa na waliolazwa sanatoriamu kwa dawa zile zile, ingawa walikula vibaya zaidi na kupumzika kidogo. Wakati huo Schatzalp ilikwisha kuwa hoteli.

Watetezi wa sanatoriamu hukimbilia hoja ya pili, kwamba angalau ziliwakinga walio nyumbani. Madras inawabana hapo pia, kwani ndugu wa waliotibiwa nyumbani hawakuugua zaidi ya ndugu wa waliolazwa. Anayeambukiza sana ni yule ambaye bado hajapimwa.

Na huyo hayuko roshani ya Davos. Yuko kwenye benchi la zahanati, anakohoa, anasubiri kuitwa. Ndiyo maana siwacheki wale wachoraji wa Schatzalp: hewa haikutibu, lakini ikibadilika chumbani hupunguza maambukizi. Utafiti wa hospitali za Lima, Peru, uliochapishwa 2007, ulikuta vyumba vya zamani vyenye dari refu na madirisha makubwa vikibadili hewa mara 40 kwa saa. Vya kisasa vyenye madirisha, mara 17. Vya kupitisha hewa kwa mitambo, 12.

Uswisi kufungua dirisha Januari ni adhabu. Dar es Salaam tunayafunga wenyewe, kwa sababu kuna AC.