Uruguay: kura ya 2009 haikuwa na karatasi ya "hapana"

Wanaotetea sheria ya 1986 iliyowakinga wanajeshi wa Uruguay wasishtakiwe kwa makosa ya enzi ya udikteta (1973–1985) husema wananchi waliulizwa mara mbili, 1989 na 2009, na mara zote wakaibakiza. Kwa nini basi majaji waipinge?

Kuhusu 1989 wako sahihi. Saini za robo ya wapigakura walioandikishwa zilikusanywa, na Aprili 16 kila mtu akachagua: karatasi ya kijani kuifuta, ya njano kuiacha. Njano ilipata takriban asilimia 56. Hao hawakuwa wapenzi wa udikteta. Mwaka 1980 nchi hiyohiyo iliikataa katiba ya wanajeshi. Walihofia jeshi lingegoma kufika mahakamani, na walikumbuka kwamba wafungwa wa kisiasa, wakiwemo Watupamaro (waasi wa mrengo wa kushoto), walikuwa wamesamehewa Machi 1985. Ni hoja ya watu waliotaka kulala kwa amani.

Oktoba 25, 2009 ni habari nyingine. Safari hii yalikuwa marekebisho ya katiba, yaliyopigiwa kura siku moja na uchaguzi wa rais. Aliyetaka kuifuta sheria alitia karatasi ya pinki yenye neno "ndiyo" ndani ya bahasha ileile ya kura ya urais. Karatasi ya "hapana" haikuchapishwa. Katiba ilidai "ndiyo" zizidi nusu ya watu wote waliofika kituoni, na kupiga kura ni lazima kisheria. Kwa hiyo aliyesahau, asiyejua, aliyekuja kwa ajili ya rais tu, hata aliyeacha bahasha tupu, wote walihesabika upande wa kuibakiza. "Ndiyo" zilifika takriban asilimia 48. Wangapi kati ya waliosalia waliitaka sheria hiyo kwa dhati? Hesabu haiwezi kutuambia, kwa sababu hawakuulizwa. Asilimia 48 zinatosha kusema marekebisho yalishindwa. Hazitoshi kusema taifa lilisamehe.

Hata kura safi ya 1989 ilipigwa gizani. Kifungu cha 4 cha sheria hiyo kiliiagiza serikali ichunguze waliotoweka. Kazi akapewa mwendesha mashtaka wa kijeshi, naye hakuona kosa la jeshi. Mwalimu na mwanahabari Julio Castro alikamatwa Montevideo Agosti 1977, na utawala ukadai amekwenda Argentina. Mwaka 2003 tume ya amani, iliyoundwa kuchunguza waliotoweka, ikasema alifia mikononi mwa watesaji. Mifupa yake ilipofukuliwa 2011 katika eneo la Batalioni ya 14, fuvu lilikuwa na tundu la risasi. Mpigakura wa njano angeyapima vipi asiyoambiwa?

Februari 2011 Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika iliamua, katika kesi ya Gelman, iliyofunguliwa na familia ya mwanamke aliyetoweka, kwamba wingi wa kura hauhalalishi kuwanyima waathirika haki. Oktoba mwaka huo Bunge likatunga sheria 18.831, iliyofungua tena njia ya kuwashtaki wahusika. Februari 2013 Mahakama ya Juu ya Uruguay ikasema vifungu vyake viwili, vilivyolenga kuzuia muda wa kushtaki usiishe, vinakwenda kinyume na katiba. Tangu hapo mawakili wa maofisa wamedai muda wa kushtaki umekwisha, na waendesha mashtaka wamejibu kwamba miaka ambayo milango ya mahakama ilifungwa na sheria yenyewe haiwezi kuhesabiwa dhidi ya waliozuiwa kuingia.