Billy Bragg na milioni aliyoirudisha

Visa vya wanamuziki waliohangaika nyimbo zao zipigwe redioni ni vingi, lakini mimi hakuna kinachonichekesha kama cha biriani ya uyoga. Mwaka 1983, mtangazaji John Peel wa BBC alitamka hewani kwamba ana njaa, na kwamba biriani ya uyoga ingemfaa sana. Kijana mmoja aliyekuwa ndiyo kwanza ametoa santuri yake akamsikia. Akanunua biriani, akakimbia nayo hadi BBC, akaikabidhi pamoja na santuri. Peel akapiga wimbo mmoja. Akaupiga kwa mwendo usio wake, kwa kuwa santuri ile ilikatwa kwa mizunguko 45 kwa dakika ilhali umbo lake kubwa lilimfanya mtu adhani ni ya 33. Hata hivyo watu walisikia. Peel mwenyewe alisisitiza baadaye kwamba angeupiga hata bila biriani.

Kijana huyo ni Billy Bragg, na kisa hicho ndicho kinachosimuliwa kila anapotajwa. Sikatai, ni kitamu. Ila kwa msanii anayetaka kujitegemea, somo kubwa zaidi liko mbele, mwaka 1992, na halina biriani ndani yake.

Bragg alizaliwa 1957 Barking, mashariki ya London. Muziki wake unaitwa folk-punk: ghadhabu ya panki imeoana na zile nyimbo za kale za wavuja jasho, mtu mmoja na gitaa lake akisimulia mishahara, migomo na mapenzi. Sauti yake si ya kumtoa nyoka pangoni. Ni kavu, na lafudhi ya mtaani kwao hakuwahi kuificha, hata anapombembeleza mwanamke. Kuna nyimbo zake za siasa ambazo mimi huziruka, maana zinahubiri. Zile za mapenzi sizichoki.

Bendi yake ya kwanza, Riff Raff, aliyoianza 1977, haikufika mbali. Mwaka 1981 akaingia jeshini, kikosi cha vifaru, na baada ya miezi mitatu akalipa pauni 175 kujikomboa. Alipotoka akaamua kuimba peke yake, na gitaa la umeme badala ya lile kavu ambalo waimbaji wa namna hiyo wamelizoea. Baadaye akaundiwa hata mtambo wa kubeba mgongoni, spika zikichomoza juu ya mabega, akawa anaimba popote palipo na nafasi ya kusimama. Wachambuzi hueleza hilo kwa mapenzi yake kwa bendi ya panki ya The Clash, aliowaona 1978 kwenye tamasha la kupinga ubaguzi wa rangi pale Victoria Park. Ni kweli, na siku ile ndiyo iliyomwamsha kisiasa. Lakini mimi naona na hesabu ilikuwemo. Asiye na bendi hana mpiga ngoma wa kumlipia chumba, wala gari la kukodi. Akiitwa mji wa mbali kwa malipo kiduchu anakwenda, na anarudi na chenji.

Rekodi ya kwanza nayo aliipata kwa ujanja. Aliingia ofisi za kampuni ya Charisma akijifanya fundi wa televisheni, mpaka akamfikia Peter Jenner, mtu aliyewahi kuisimamia bendi maarufu ya Pink Floyd. Jenner akaipenda kanda yake, ingawa kampuni yenyewe ilikuwa taabani kifedha. Kilichotoka ni nyimbo saba zisizofika hata dakika 17 kwa jumla, na juu ya jalada paliandikwa kwamba mnunuzi asilipe zaidi ya pauni 2.99. Hapo alikuwa anawaambia wenye maduka mbele ya wateja wao: msiwakamue watu wangu. Januari 1984 santuri ikafika nafasi ya 30 kwenye chati ya Uingereza. Mwaka uliofuata mwimbaji Kirsty MacColl akaurudia wimbo mmoja kutoka humo, Bragg akamwongezea ubeti, nao ukapanda hadi nafasi ya 7.

Miaka hiyo aliitumia kuwaimbia wachimba makaa ya mawe waliogoma 1984 hadi 1985, kisha akashirikiana na kina Paul Weller katika Red Wedge, wanamuziki waliozunguka nchi wakiwashawishi vijana wakipigie kura chama cha Labour. Uchaguzi wa 1987 ukaja, waziri mkuu Margaret Thatcher, mpinzani wa Labour, akashinda tena. Wapo wanaomcheka kwa hilo hadi leo. Waache wacheke.

Sasa tufike kwenye milioni. Kuelekea albamu yake ya 1991, lebo yake, yaani kampuni iliyotoa rekodi zake, Go! Discs, ilimshawishi asaini mkataba wa albamu nne kwa malipo ya awali ya pauni milioni moja. Mtu aliyejikomboa jeshini kwa pauni 175! Na milioni haiji mikono mitupu. Ilikuja na muziki uliong'arishwa, video, matangazo, bendi kamili, na ziara ya dunia ya miezi 13. Mauzo hayakutikisika. Bragg akachoka, kidole tumbo kikamlaza, na katikati ya 1992 akafanya jambo ambalo wasanii wengi hawalifanyi hata wakiota: akairudishia lebo sehemu ya fedha iliyobaki, naye akachukua haki zote za rekodi zake za nyuma.

Hapo ndipo ninapobishana na wanaoiita miaka ile ya kushindwa. Msanii aliyezoea kuishi kwa kidogo alikuwa bado na cha kurudisha, na kwa hicho alinunua kitu kinacholipa kila mwaka. Huku kwetu tunawajua wazee wa dansi ambao nyimbo zao zinapigwa kila harusi na wao hawaoni hata nauli, kwa sababu siku ya kurekodi walipewa bahasha wakaenda zao. Bahasha ya Bragg ilikuwa nene kuliko zote, akaifungua, akahesabu, akaona aliyepunjwa ni yeye.

Baada ya hapo alifanya kazi kwa nafasi. Nora, binti wa Woody Guthrie, mwimbaji wa Marekani wa nyimbo za wavuja jasho, alimpa maandishi ya baba yake, mashairi yaliyobaki bila muziki tangu mzee huyo alipofariki 1967. Bragg akayatungia muziki pamoja na bendi ya Wilco ya Marekani, albamu ikatoka 1998, na mimi naihesabu miongoni mwa kazi zake bora.

Kisha 2006 akasoma masharti ya MySpace, enzi hizo ndio uwanja mkubwa wa wasanii mtandaoni, akaona yameandikwa kwa namna inayowapa wenye mtandao uhuru mpana mno juu ya nyimbo zinazopakiwa. Akaondoa zake zote na kupiga kelele hadharani. Hakuwa na haja ya kuomba ruhusa kwa lebo yoyote, maana zilikuwa mali yake. MySpace wakayaandika upya masharti yao, yakieleza kwamba nyimbo zinabaki kuwa za mwenyewe aliyezitunga.